Jaribio bila ujuzi (michezo ya uigizaji ya mezani)

Jaribio bila ujuzi ni hali katika michezo ya uigizaji ya mezani ambapo mhusika anajaribu kufanya jambo ambalo hakufundishwa, kwa mfano kutibu jeraha, kufungua kufuli bila ufunguo au kupanda mwamba. Kanuni za mchezo huamua kama anaruhusiwa kujaribu, ana nafasi gani ya kufaulu na nini kinamfika akishindwa.

Michezo hiyo huchezwa na watu wachache walioketi pamoja. Kila mchezaji ana mhusika wake, ambaye sifa na ujuzi wake vimeandikwa kwenye karatasi. Msimamizi wa mchezo hueleza mazingira, na pale matokeo yasipojulikana dadu hurushwa. Tofauti na bao au drafti, kwa kawaida hakuna mshindi: wachezaji hutunga hadithi pamoja.

Umuhimu

Kanuni hii inagusa mambo mawili yanayovutana. Ikiwa asiye na ujuzi hakubaliwi kujaribu kitu, mchezaji wake hubaki mtazamaji, na hadithi yote inaweza kukwama kwa sababu mtaalamu mmoja hayupo. Lakini ikiwa kila mhusika anaweza kila kitu, mchezaji aliyechagua kuwa mganga au fundi huona uchaguzi wake hauna thamani.

Mfano

Katika hadithi ya kubuni, wahusika watatu wanatoka Usa River kwenda kupanda Mlima Meru (mita 4,562) kupitia lango la Momella la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mmoja ni mwongoza watalii, wa pili ni muuguzi, wa tatu ni dereva. Kutembea hadi kibanda cha Miriakamba hakuhitaji ujuzi, hivyo dadu hazirushwi. Usiku, kwenye miamba karibu na Rhino Point, dereva anaweza kujaribu kupita, ila nafasi yake ni ndogo kuliko ya mwongozaji. Muuguzi akiteleza na kuvunjika mguu, mwenye ujuzi wa tiba ndiye mgonjwa. Dereva anaweza kuufunga mguu kwa vijiti na kitambaa, lakini hawezi kufanya upasuaji. Hapo kanuni ya jaribio bila ujuzi ndiyo inayoamua hatima ya muuguzi.

Historia

Dungeons & Dragons, iliyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa nchini Marekani mwaka 1974, haikuwa na orodha ya ujuzi kwa wahusika wote. Mwaka 1975 kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk kilileta mhusika mwizi, aliyepewa asilimia za kufaulu kufungua kufuli na kutegua mitego. Hilo lilizua swali: je, wahusika wengine wanaweza kujaribu mambo hayo? Michezo ya Traveller (1977) na RuneQuest (1978) iliweka ujuzi katikati ya kanuni zake, hivyo ikalazimika kulijibu.

Njia kuu

- Nafasi ya kuanzia: kila mtu ana asilimia fulani hata kama hakujifunza. Katika toleo la saba la Call of Cthulhu (2014), huduma ya kwanza huanza na asilimia 30 na kupanda asilimia 20, lakini tiba na urubani huanza na asilimia 1 tu.
- Punguzo: asiye na ujuzi hupunguziwa alama. Katika Traveller ya kampuni ya Mongoose (2008), mchezaji hurusha dadu mbili na kwa kawaida anahitaji 8 au zaidi. Asiye na ujuzi hupunguziwa 3, hivyo anahitaji 11, na nafasi yake ni takriban asilimia 8. Mwenye ujuzi wa ngazi ya 1 anahitaji 7, yaani takriban asilimia 58.
- Katazo: toleo la tatu la Dungeons & Dragons (2000) liliruhusu yeyote kupanda au kuruka, lakini kufungua kufuli kuliachwa kwa waliofundishwa tu.
- Kukosa nyongeza: katika toleo la tano (2014) kwa kawaida yeyote anaweza kujaribu, ila aliyefundishwa huongezewa alama 2 hadi 6 kulingana na ngazi yake.

Tatizo la wengi kujaribu

Nafasi ndogo huwa kubwa watu wengi wanapojaribu. Katika toleo hilo la tano hurushwa dadu ya pande 20. Kwa jambo linalohitaji 15, mhusika asiye na nyongeza yoyote ana nafasi ya asilimia 30, na mjuzi mwenye nyongeza ya 5 ana asilimia 55. Lakini wahusika watano wasio na ujuzi wakijaribu mmoja baada ya mwingine, uwezekano wa angalau mmoja kufaulu ni takriban asilimia 83. Hivyo kundi la wasiojua humzidi mjuzi.

Wasimamizi hutumia njia kadhaa kuzuia hali hiyo. Mmoja hurusha dadu na wengine humsaidia. Au kila kushindwa kunagharimu kitu, kama muda, kelele au jeraha. Au asiye na ujuzi huulizwa kwanza atafanyaje, na dadu hazirushwi ikiwa jambo lenyewe haliwezekani. Katika mfano wa Mlima Meru, dereva akikosea kufunga mguu, muuguzi hafi papo hapo: maumivu yanazidi na safari ya kushuka inachukua muda mrefu zaidi. Kwa njia hiyo dereva ana la kufanya, na ujuzi wa muuguzi unabaki na thamani yake.