Kibosho na Rula ya Utawala Bora

Viashiria vya utawala vya Benki ya Dunia, ambavyo takwimu zake zinaanzia mwaka 1996, huzipima nchi kwa vigezo sita: sauti ya wananchi na uwajibikaji, utulivu wa kisiasa, ufanisi wa serikali, ubora wa kanuni, utawala wa sheria na udhibiti wa rushwa. Kila matokeo yanapotangazwa, wapo wanaoshangilia na wapo wanaobeza. Wachache huuliza ni nani aliyeulizwa.

Historia ya Kibosho, huku kwetu mlimani Kilimanjaro, inatufundisha uzito wa swali hilo. Mwishoni mwa karne ya 19, Mangi Sina alijenga ngome ya mawe na jeshi lililoogopwa na majirani. Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann walimshinda mwaka 1891 baada ya mapigano makali. Kwa kigezo cha ufanisi, Sina angepata alama za juu. Lakini mpiganaji wake aliyerudi na ng'ombe na mateka aliyeswagwa pamoja na ng'ombe hao wasingetoa alama moja. Wastani wa majibu yao usingekuwa ukweli wa yeyote kati yao.

Mfano wa pili unawahusu Wachagga wote. Mwaka 1951 walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu. Miaka iliyofuata bei ya kahawa ilikuwa nzuri, na mtaalamu mgeni angeweza kuusifu utawala ule kwa haki kabisa. Hata hivyo, katika kura ya mwaka 1960 wananchi waliukataa umangi mkuu, wakataka rais wa kuchaguliwa kwa muda maalumu. Kwa tafsiri yangu, hawakukataa maendeleo; walikataa cheo kisicho na ukomo. Hicho nacho kilikuwa kipimo cha utawala, na aliyekishika ni mtawaliwa mwenyewe.

Sisemi kwamba fahirisi za kimataifa hazina maana. Zinatuwezesha kujilinganisha na wenzetu, na serikali isiyotaka kulinganishwa ina jambo inaloficha. Ila sehemu kubwa ya alama hizo ni mitazamo ya wataalamu, wafanyabiashara na watu waliohojiwa, iliyojumlishwa kuwa tarakimu moja ya taifa zima. Tarakimu hiyo haiwezi kutuambia zahanati ya kijiji ina dawa au haina.

Ndiyo maana marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyozuia kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, yalikuwa hatari kuliko kushuka nafasi yoyote kimataifa. Yalilegezwa mwaka 2019, lakini funzo limebaki: anayepimwa hawezi kuachiwa rula peke yake.

Mtumishi wa umma, kabla hujainukuu fahirisi katika hotuba ya bosi wako, waulize kwanza unaowahudumia.