Waziri wa kompyuta wa Thatcher alifanya nini kweli?

Wandugu, kila mara serikali mpya inatangazwa ku RTNC, sisi wote tunafanya hesabu ile ile: jimbo letu limepata wizara ngapi, nani ametoka, nani amerudi. Kuna swali moja tunaliacha nyuma: waziri akishaingia mu biro, anaweza kufanya nini kweli? Kwa upande wa numerike swali hilo ni zito, juu mu 2021 tulipata wizara ya numerike, na sasa hakuna kongamano linalopita bila mtu kuzungumzia akili bandia, ile tunaitaka IA, pamoja na vijana kuanzisha makampuni yao. Mimi nilisoma historia, sitatabiri kitu. Nataka tu tuangalie mtu mmoja ambaye alipewa kazi kama hiyo zamani, wakati wengi wetu hatujazaliwa: Kenneth Baker, Uingereza, kuanzia mwezi wa kwanza wa 1981 mpaka 1984.

Kwanza, cheo chake. Aliitwa waziri wa nchi katika wizara ya viwanda, na kazi yake ilikuwa teknolojia ya habari. Jina lisiwadanganye. Kwetu ministre d'État ni mkubwa kuliko waziri wa kawaida. Kule Uingereza ni kinyume. Baker alikuwa chini ya mkubwa wake, kwanza Keith Joseph, kisha Patrick Jenkin, na hakukaa mu baraza la mawaziri. Alikuwa depite, alishafanya kazi ya ushauri na kampuni ya programu za kompyuta, na yeye mwenyewe njo alimsumbua Margaret Thatcher mpaka akakubali kwamba lazima kuwe na mtu mmoja serikalini wa kushughulika na kompyuta. Donc hakuletewa kiti. Alikiomba akiwa na mpango mkononi.

Wakati ulikuwa mbaya. Viwanda vilikuwa vinafungwa, na mu mwezi wa kwanza wa 1982 hesabu ya watu wasio na kazi ilipita milioni 3. Zaidi ya hapo, Thatcher aliamini leta itoke mu biashara, iachie watu binafsi. Sasa wewe ni waziri mdogo ndani ya serikali ambayo haitaki leta iingize mkono mu viwanda, na unataka leta isaidie kiwanda kipya. Unafanya nini?

Baker alianzia ku masomo. Mu 1981 wizara yake ilitangaza kwamba kila shule ya sekondari itakayonunua kompyuta, leta italipa nusu ya bei. Nusu tu. Ile nusu ingine, shule na wazazi na serikali ya mtaa wajitafutie. Na kulikuwa sharti: machine lazima iwe ya kampuni ya Uingereza. Mwanzoni shule zilichagua kati ya mbili, ile ya Research Machines ao ile ya Acorn iliyobeba jina la BBC. Apple na Commodore, za Marekani, zilibaki inje ya mlango. Mwaka uliofuata shule za msingi nazo ziliingia, na Sinclair Spectrum ikaongezwa.

Muangalie vizuri ule ujanja. Wizara ya elimu njo ilipaswa kufanya kazi hii, lakini pesa ilitoka wizara ya viwanda. Kwa Thatcher haikuwa msaada wa kiwanda, ilikuwa kusaidia watoto. Kwa Acorn, kampuni ndogo ya Cambridge iliyoanza 1978, ilikuwa maelfu ya wanunuzi wanaojulikana mbele ya machine kutengenezwa. Tena televisheni ya BBC ilikuwa na vipindi vyake vya kufundisha watu kompyuta, vilivyoanza mwezi wa kwanza wa 1982, mwaka ambao Baker aliuita mwaka wa teknolojia ya habari. BBC na Acorn walifikiri watauza machine elfu 12 hivi. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Si kila kitu kilienda sawa. Kompyuta moja kwa shule nzima ni kidogo, na mara mingi ilifungiwa mu chumba cha mwalimu wa hesabu, akiwa yeye tu na vijana wake watatu wane wanaoijua. Kulikuwa mpango wa kufundisha walimu, lakini huo ulikuwa wa wizara ingine, ulianza 1980 na ulienda kwa mwendo wake. Sisi tunaojua shule zilizoletewa machine bila umeme, hatuwezi kuwacheka.

Sasa akili bandia. Hapa historia ni chungu kidogo.

Uingereza ilikuwa mbele sana. Ku iniversite ya Edinburgh kulikuwa Donald Michie, aliyefanya kazi pamoja na Alan Turing wakati wa vita ya pili ya dunia, na kundi lake lilitengeneza roboti yenye kuona na kushika vitu, jina lake Freddy. Halafu mu 1973 ikatoka ripoti ya James Lighthill, mtaalamu mkubwa wa hesabu ambaye yeye mwenyewe hakuwa mtu wa akili bandia. Alisema kazi hiyo imeahidi mingi na imezaa kidogo. Baada ya hapo pesa ilikauka karibu kila mahali. Miaka kumi hivi, kutamka tu jina "akili bandia" mbele ya wale wanaotoa pesa ilikuwa kujiharibia.

Ilihitaji hofu ya Wajapani ili mlango ufunguke tena. Mu mwezi wa kumi 1981 Japani ilialika dunia Tokyo na kueleza mpango wa miaka kumi wa kutengeneza kompyuta za kizazi cha tano, zenye kufikiri kwa njia ya mantiki. Waingereza walirudi nyumbani wakitetemeka. Mu 1982 Baker na wizara yake wakaweka komite chini ya John Alvey, mkubwa mu kampuni ya simu ya British Telecom, na mu 1983 serikali ikakubali: pauni milioni 350 kwa miaka mitano, milioni 200 kutoka leta na milioni 150 kutoka makampuni. Sehemu moja ya mpango ilikuwa akili bandia yenyewe, lakini haikuitwa hivyo. Waliiita mifumo ya ujuzi yenye akili. Jina la zamani bado lilikuwa na harufu ya Lighthill.

Mpango wa Alvey ulikuwa na kanuni moja nzuri: makampuni na iniversite wafanye kazi pamoja, na kampuni itoe nusu ya gharama zake. Watafiti wengi waliokuwa wanafikiria kwenda Marekani walipata kazi nyumbani. Hilo ni jambo. Lakini nani aliweza kutoa nusu? GEC, Plessey, Ferranti, ICL. Wakubwa. Kijana mwenye wazo na hana benki nyuma yake, Alvey haikuwa yake. Na wale wakubwa walienda wapi? Plessey ilinunuliwa 1989 na GEC pamoja na Siemens ya Ujerumani. Ferranti ilianguka 1993. ICL, kampuni ya taifa ya kompyuta, mu 1990 ilichukuliwa na Fujitsu ya Japani! Mpango uliozaliwa kwa hofu ya Wajapani.

Tena walichagua njia ambayo haikufika mbali. Wakati ule watu wengi wenye pesa waliamini akili bandia itatokana na kanuni: unamuuliza daktari ao injenia mbinu zake, unaziandika moja moja, kama hivi basi vile, na machine inafuata. Njia ingine, ya kuifanya machine ijifunze kwa mifano kupitia mitandao inayoiga mishipa ya ubongo, ilionekana ya wazimu. Kijana mmoja aliyekuwa anaifuata, Geoffrey Hinton, alimaliza udaktari wake Edinburgh mu 1978, akakosa pesa ya kuendelea kule, akaenda Marekani, kisha Kanada. Mu 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Sisemi Baker angepaswa kujua. Wajapani nao hawakujua, mpango wao uliisha mu 1992 bila kufika pale walipoahidi. Nasema tu kwamba kuchagua njia ya sayansi ni kazi ambayo waziri huifanya vibaya, hata akizungukwa na maprofesa.

Na antreprenaria? Serikali ya Thatcher ilikuwa na mpango mwingine, si wa Baker, uliofunika nchi nzima mu 1983: mtu asiye na kazi, akiwa na pauni 1,000 zake ao za kukopa, analipwa pauni 40 kila wiki kwa mwaka mmoja ili aanzishe biashara. Pauni 1,000 kwa mtu asiye na kazi, bon, mnaona wenyewe ni nani angeweza kuingia. Baker kwa upande wake alisukuma vituo vya kufundisha kompyuta kwa vijana waliokosa kazi, kwa mfano wa kituo cha Notting Dale, mtaa wa watu maskini London. Vilifika zaidi ya 100. Kwangu mimi hii ni kazi yake ambayo watu wameisahau na wasingepaswa.

Mu mwezi wa tisa 1984 alihamishiwa wizara ingine. Mu 1985 Acorn, iliyokuwa imekula faida na kujipanua vibaya, iliokolewa na Olivetti ya Italia. Lakini mwaka huo huo, mwezi wa nne, wahandisi wawili wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, walikuwa wamewasha kwa mara ya kwanza prosesa yao mpya, ndogo, isiyokula moto mingi. Iliitwa ARM. Mu 1990 ikawa kampuni yake pamoja na Apple na VLSI. Leo simu uliyoshika ukisoma haya, Android ao iPhone, ndani yake kuna prosesa ya muundo wa ARM. Hakuna karatasi ya wizara ya Baker iliyosema "tutengeneze prosesa ya simu". Iliandikwa tu: shule zinunue machine, nusu tunalipa, iwe ya hapa. (SoftBank iliinunua ARM mu 2016 kwa pauni bilioni 24. SoftBank ni ya Japani. Historia inapendaga mchezo.)

Mu simu hiyo hiyo kuna tantali, pengine ya Rubaya, na ndani ya betri kobalti, pengine ya Kolwezi. Hiyo tunaisema kila siku, sitairudilia.

Kwetu karatasi ziko. Sheria ya 8 mwezi wa tisa 2022 juu ya antreprenaria na makampuni machanga. Kodi ya numerike ya 13 mwezi wa tatu 2023. Kodi hapa ni kitabu cha sheria, si ile ya kulipa, ingawa ya kulipa pia tuliiona: RAM, iliyokata uniti zetu kuanzia 2020 mpaka ikafutwa mu 2022 baada ya kelele nyingi. Linganisheni mwelekeo wa pesa. Baker aliitoa mfukoni mwa leta kumpa mnunuzi; RAM iliitoa ku simu ya mnunuzi.

Sheria inayofanana zaidi na sharti la Baker haiko hata upande wa numerike. Ni ile ya 8 mwezi wa pili 2017 juu ya sous-traitance, inayowekea kando kazi za makampuni makubwa, yakiwemo ya migodi, kwa ajili ya makampuni yenye mtaji wa Wakongomani. Tunaifikiria upande wa malori, chakula cha wafanyakazi, usafi. Nani kati yenu alishapata soko la kuandika programu kwa njia yake, Lubumbashi ao Kolwezi? Aniambie ilivyokwenda, na nani alilipa, na baada ya miezi ngapi.