Filamu iliyolipiwa na wafugaji laki tano

Mpenzi wa filamu za Kihindi amezoea kuona maandishi ya mwanzo yakitaja majina ya matajiri: kampuni ya fulani inaleta, kwa hisani ya fulani. Manthan, iliyotoka mwaka 1976, inataja wakulima 500,000 wa jimbo la Gujarat. Hayo hayakuwa maneno ya kupamba skrini. Kila mmoja wao alitoa rupia 2, zikapatikana rupia milioni moja, na kwa fedha hizo mwongozaji Shyam Benegal akapiga filamu aliyoitaka.

Karibu miaka 50 baadaye kisa hicho kimeanza kusimuliwa upya. Mei 2024 Manthan ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, ikiwa imesafishwa baada ya negativu yake kuliwa na ukungu. Desemba ya mwaka huohuo Benegal akafariki dunia mjini Mumbai, siku chache baada ya kutimiza miaka 90.

Fedha na uhuru wa msanii vilikuwa vimevutana India kabla yake. Satyajit Ray alipokuwa akipiga Pather Panchali, iliyotoka 1955, aliuza bima yake ya maisha na santuri zake, na vito vya mkewe vikawekwa rehani. Serikali ya Bengali Magharibi ilipokuja kumwokoa, fedha ziliandikwa kwenye vitabu kama za kutengeneza barabara, kwa kuwa jina la filamu lilitaja njia. Maofisa wakataka mwisho wenye matumaini zaidi. Ray akakataa.

Benegal naye alizungushwa zaidi ya miaka kumi na hadithi ya Ankur mkononi. Wenye mitaji wa Bombay walikuwa na masharti yao: nyota wakubwa, nyimbo na ngoma, na mwisho wa kufurahisha. Yeye, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kupiga matangazo ya biashara, hakutaka hata kimoja. Hatimaye waliomtoa walikuwa Blaze, kampuni iliyosambaza matangazo hayohayo kwenye majumba ya sinema. Ankur ikatoka 1974 na ikafanya vizuri.

Ndipo anapoingia Verghese Kurien, mhandisi aliyefika mji mdogo wa Anand, Gujarat, mwaka 1949 akiwa na hamu ya kuondoka haraka, akaishia kukaa maisha yake yote. Alikuta ushirika wa wafugaji wa maziwa ulioanzishwa 1946 ili kujinasua kutoka kwa kiwanda cha Polson na madalali wake. Ukawa Amul, chapa inayojulikana kila duka la India. Kurien mwenyewe, cha kuchekesha, hakuwa mnywaji wa maziwa.

Benegal alikuwa ameshapiga filamu za hali halisi kuhusu mpango wa kueneza ushirika huo nchi nzima. Aliona kasoro moja: zilitazamwa na watu ambao tayari wameshakubali. Akamwambia Kurien kwamba kinachohitajika ni hadithi ya kubuni, yenye mapenzi na ugomvi, ya kuonyeshwa kwenye majumba ya kawaida. Kurien akauliza itagharimu kiasi gani. Kama laki 10, akajibiwa. Ni kiasi cha kuchekesha ukilinganisha na Sholay, iliyotoka mwaka mmoja kabla kwa gharama ya takriban rupia milioni 30, lakini bado kilikuwa kingi kwa mtu asiye na tajiri nyuma yake.

Hapa ndipo penye utamu wa kisa. Mfugaji wa Gujarat hupeleka maziwa kwenye kituo cha kijiji asubuhi na jioni. Yanapimwa mafuta, analipwa. Kurien alikuwa na mtandao wa vijiji, madaftari ya wanachama na, zaidi ya yote, imani yao. Kama inavyosimuliwa, wanaushirika waliombwa siku moja wakubali kulipwa rupia 6 badala ya 8, mbili zibaki kwa ajili ya filamu. Wakakubali.

Uzuri wa mpango huo ni udogo wa mchango. Mwenye rupia 2 hawezi kumpigia mwongozaji simu usiku akidai mpwa wake apewe nafasi. Hawezi kutaka wimbo uongezwe. Akichukia filamu, amepoteza bei ya maziwa kidogo.

Benegal aliutumia uhuru huo vilivyo. Alihamia na kundi lake kwenye kijiji cha Sanganva, karibu na Rajkot. Govind Nihalani alishika kamera, Vijay Tendulkar akaandika mswada wa filamu, na waigizaji walikuwa Girish Karnad, Smita Patil na kijana Naseeruddin Shah. Shah amesimulia kwamba alihamia kwenye kibanda, akajifunza kukamua nyati na kutengeneza vibonge vya samadi vya kukokea moto, na akawa anabeba ndoo kuwagawia wenzake maziwa ili mwili wake uizoee kazi ya mfugaji.

Hadithi yenyewe haiwabembelezi waliolipa. Daktari wa mifugo, Rao, anafika kijijini kuanzisha ushirika na kukuta kijiji kimegawanyika kwa matabaka. Mwenyekiti wa kijiji anaposhindwa na Mdalit, mtu wa tabaka la chini kabisa, katika uchaguzi wa ushirika, anaungana na mnunuzi binafsi wa maziwa. Nyumba za maskini zinachomwa. Bindu, mwanamke asiyejua kusoma, anawekeshwa dole gumba kwenye karatasi inayomsingizia Rao kumbaka. Mwishowe Rao anahamishwa, na kazi anabaki nayo Bhola, Mdalit mkali aliyekuwa akimshuku tangu mwanzo. Bodi ipi ya matangazo ingepitisha mwisho kama huo?

Lakini isisemwe kwamba hapakuwa na mkubwa. Kurien ametajwa miongoni mwa waandishi wa hadithi, na Rao ana sura yake. Filamu ina jibu moja tu kwa umaskini wa kijiji: ushirika. Benegal alikubaliana na jibu hilo kabla ya kushika kamera; angekuwa na jibu jingine, haijulikani zile rupia mbilimbili zingekatwa. Pia fedha za wananchi si ngao mbele ya dola. Miaka hiyohiyo, India ikiwa katika hali ya hatari chini ya waziri mkuu Indira Gandhi, filamu ya kejeli ya Amrit Nahata, Kissa Kursi Ka, ilikamatwa na kuchomwa, negativu na yote.

Manthan ilipotoka, wafugaji walijazana kwenye malori kwenda mjini kutazama filamu yao, na hivyo wakalipa mara ya pili, mlangoni. Ikapata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kihindi. Kisha Kurien akaipeleka vijijini katika majimbo mengine kwa nakala za milimita 16, pamoja na daktari wa mifugo na wataalamu wa maziwa na malisho, waliobaki kujibu maswali taa zikiwashwa.

Njia ya kuchangisha umma ilitumika tena baadaye. Huko Kerala, mwongozaji John Abraham na wenzake wa kundi la Odessa walizunguka vijijini wakichangisha hadi wakapata Amma Ariyan, iliyotoka 1986. Benegal naye alirudi kwa vyama vya ushirika, safari hii vya wafumaji, kwa ajili ya Susman ya 1987.

Afrika Mashariki ina ushirika wa siku nyingi. KNCU ya Kilimanjaro ilianza 1933, na SACCOS zimejaa kila wilaya. Hata hivyo mwongozaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetafuta mtaji bado huanzia ubalozini, kwa wafadhili, au kwa msambazaji anayetaka kuona kwanza jina la nyota kwenye bango. Gujarat hawajasahau: ushirika uleule uliotoa fedha mwaka 1976 ndio uliosaidia kuisafisha Manthan, na Juni 2024 ikarudi kwenye majumba ya sinema ya India, watu wakakata tiketi.