Mlinzi Kutoka Chile

Ukitaja "njia za asili" za kupambana na wadudu, wengi wetu hufikiria majivu, mwarobaini na pilipili: maarifa ya bibi, yaliyotangulia dawa za dukani. Nami nilifikiri hivyo, mpaka nilipofuatilia historia ya stroberi na walinzi wake. Nilikuta kwamba mlinzi wake mashuhuri aliajiriwa baada ya dawa za kiwandani kushindwa.

Stroberi kubwa tunayoijua si mmea wa kale. Mwaka 1712 mhandisi wa Kifaransa, Amédée-François Frézier, alitumwa pwani ya Chile kupeleleza ngome za Wahispania. Huko aliona stroberi kubwa zilizolimwa na wenyeji, akarudi na miche yake Ufaransa mwaka 1714. Michache tu ilivuka bahari ikiwa hai, nayo ilikuwa mike. Haikuzaa vizuri mpaka ilipopandwa jirani na stroberi nyingine, iliyotoka Virginia. Mchanganyiko wa mbili hizo ndio tunda linalouzwa leo California na Limuru.

Adui wake mkubwa ni utitiri wa madoa mawili, ambaye wakulima wa Kenya humwita buibui mwekundu. Ana urefu wa nusu milimita hivi, hukaa chini ya jani, hufyonza maji yake na kufuma utando mwembamba. Kukiwa na joto na ukavu, kizazi kipya hukomaa kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo.

Zamani hakuwa tishio kubwa hivi, kwa sababu wadudu wengine walimla. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaingia mashambani DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939. Iliwaua waliomla utitiri, lakini utitiri mwenyewe haikumdhuru sana. Akabaki shambani bila adui. Zikatengenezwa sumu za kumlenga yeye. Waliosalimika wakazaa watoto waliozizoea. Mkulima akaongeza dozi, na aliyevuta mvuke wake alikuwa yeye mwenyewe na vibarua wake.

Mwaka 1958, nchini Ujerumani, katika shehena ya maua ya okidi kutoka Chile alionekana utitiri mwingine: wa rangi ya chungwa, mwenye mbio, asiyegusa majani. Chakula chake ni utitiri wenzake. Wanasayansi humwita Phytoseiulus persimilis. Katika miaka ya 1960 watafiti wa California walimjaribu kwenye stroberi. Uholanzi, mkulima wa matango aliyeitwa Jan Koppert, ambaye dawa zilikuwa zimemdhuru afya, alianza mwaka 1967 kumfuga kwa ajili ya kuwauzia wenzake. Leo hutumika hata katika mashamba ya maua ya Kenya.

Hivyo mmea na mlinzi wake walitoka nchi moja, wakapishana kwa miaka 244.

Mlinzi huyu hana macho. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Uholanzi, Maurice Sabelis na Marcel Dicke, walionyesha kwamba jani linaloshambuliwa hutoa harufu, naye huifuata mpaka kwa adui. Akifika hula mayai, watoto na wakubwa. Hali kitu kingine. Utitiri wakiisha kabisa, naye hufa njaa au huondoka.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa njia hii. Dawa ilitufundisha kutaka shamba lisilo na mdudu hata mmoja, na ikatupa ruhusa ya kutolitazama. Mlinzi hudai kinyume chake: umwachie adui wachache, umlete wakati bado ni wachache, wala usipulize sumu itakayomuua yeye kwanza. Lazima ugeuze majani kila wiki na kuangalia upande wa chini.

Asiyeweza kumnunua bado ana la kufanya. Utitiri hupenda vumbi na ukavu, kwa hiyo mwagilia vya kutosha, osha majani kwa maji upande wa chini, ng'oa yaliyojaa utando. Ukimwona mdudu mdogo mwenye mbio kati ya utitiri wanaotambaa polepole, mwache. Huenda ni mmoja wa wale ambao DDT iliwafukuza, amerudi kazini.