Kelele za Injini na Samaki wa Ziwa Tanganyika

Kumfukuza samaki kwa kelele ni ufundi wa kale katika maziwa ya Afrika. Nyavu hutegwa kimyakimya, kisha maji hupigwa kwa upondo au rungu mpaka samaki washtuke na kukimbilia wavuni. Upande wa Zambia njia hiyo huitwa kutumpula, na imepigwa marufuku. Mvuvi, basi, hakuhitaji kuambiwa kwamba samaki husikia. Wasomi wa Ulaya ndio waliochelewa. Ernst Heinrich Weber alieleza mwaka 1820 vijifupa vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani katika samaki wa jamii ya kapu na kambare, lakini ubishi kama samaki husikia haukuisha. Mwaka 1923 Karl von Frisch alitangaza habari za kambare wake kipofu, aliyezoea kutoka mafichoni kila alipopigiwa mluzi wa kuitiwa chakula.

Wakati huo Ziwa Tanganyika lilikwisha kuzoea mashine. Meli ya mvuke ya wamisionari Waingereza, Good News, ilishushwa majini mwaka 1885, na Hedwig von Wissmann ya Wajerumani ikafuata mwaka 1900. Mwaka 1915 ilishushwa Kigoma Graf von Goetzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka huo huo Waingereza wakaingiza boti mbili za petroli, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka kusini mwa Afrika. Goetzen ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Meli hizo zilikuwa chache, na kila moja ilipita na kwenda zake. Injini za kupachika ndizo zilizoieneza kelele hadi kwenye miamba ya ufukweni, wanakozalia samaki wengi wa jamii ya sato. Pangaboi likizunguka kwa kasi huzua viputo vinavyopasuka mfululizo, na kishindo chake husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Anayesimama ufukweni husikia sehemu ndogo tu ya kishindo hicho.

Madhara yake yalianza kupimwa juzi tu. Mwaka 2006 watafiti wa Austria walionyesha kwamba sauti za meli hupandisha homoni ya msongo, kotisoli, katika kapu na samaki wengine wawili wa mito ya Ulaya. Mvumo usiobadilika haukuwa na athari hiyo. Kilichowasumbua ni sauti inayopanda na kushuka.

Mwaka 2013 zamu ilimfikia samaki wa Tanganyika mwenyewe, Neolamprologus pulcher. Huyu ni samaki mdogo anayeishi kwa kaya: jike na dume hulea pamoja na wasaidizi, wakichimba mchanga ili kupata maficho na kufukuza walaji wa mayai. Walipochezewa sauti za boti zilizorekodiwa, walipunguza kuchimba, wakalegeza ulinzi wa mayai na vifaranga, na wasaidizi wakazidi kushambuliwa na wakubwa wao. Kwa samaki ambaye uzazi wake hutegemea sana ushirikiano wa kaya, hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kushtuka na kukimbia.