Kuchuja Mawimbi: Habari za Sauti na Picha katika Masasi na Newala

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika sawasawa, Mjerumani aitwaye Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi, akapanda uwanda wa juu wa Makonde na kukaa Newala kwa majuma kadhaa. Alikuja kuchunguza mila za wenyeji, naye alisafiri akilindwa na askari. Miongoni mwa mizigo iliyobebwa na wapagazi wake zilikuwamo mashine mbili: fonografu, ambayo huchora sauti juu ya silinda ya nta, na kamera ya sinema. Kwa ile ya kwanza alinasa nyimbo, kwa hii ya pili alinasa watu wakicheza ngoma. Sauti zikaingia katika sanduku lake, na sura katika sanduku lake, na vyote vikaenda Ujerumani. Walioimba na waliocheza hawakubaki na hata kimoja.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu jambo tunalotaka kulieleza, ingawa ni la zama hizi za kompyuta, lilitokea Newala hiyohiyo, na lilifanana na lile la 1906 kwa namna iliyotushangaza. Lakini hatuna budi kupitia kwanza kwenye redio, maana redio ndiyo iliyowafundisha watu wa kusini kazi ya kuchuja mawimbi.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza kwa majaribio mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 mahali pake pakashikwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Hayo yanafahamika. Yasiyoandikwa sana ni jinsi sauti hiyo ilivyofika, au ilivyoshindwa kufika, kwa mkulima wa Kitangari, wa Mahuta au wa Lulindi. Kutoka Dar es Salaam hadi Masasi ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Mawimbi ya kati, wakati wa mchana, hutambaa juu ya ardhi na kuchoka njiani. Usiku hupaa, yakagonga tabaka la hewa ya juu lenye chembe za umeme, kisha yakarudi chini mahali pa mbali. Ndiyo sababu stesheni iliyokuwa bubu adhuhuri iliweza kunguruma baada ya magharibi, lakini ikija pamoja na wageni wasioalikwa, huyu akisema Kireno, yule Kiarabu, wote kwa wakati mmoja. Mawimbi mafupi nayo yalipanda na kushuka bila taarifa. Radio Tanzania ilijulikana kwa miaka mingi kwenye kilohezi 5050, yaani mita 60 hivi, na mzee mmoja jirani yetu alikuwa ametia alama ya wino mwekundu juu ya kioo cha redio yake mahali hapo, na ole wake mtoto atakayeusogeza mshale!

Ndani ya redio ile, iwe ni Philips iliyounganishwa Arusha au National ya Dar es Salaam, kulikuwa na koili ya waya na kapasita ya vibati vinavyopishana. Mtu akizungusha kitufe, vibati huingiana au huachana, na kwa kufanya hivyo redio hulikubali wimbi moja na kuyakataa mengine. Watu hudhani kwamba redio huvuta stesheni. Kwa kweli mawimbi yote yamekwisha kuufikia waya. Kazi kubwa ya redio ni kukataa. Nasi tuliokulia huku twajua kwamba kitufe peke yake hakikutosha. Waya wa shaba ulipandishwa juu ya mkorosho. Betri zilizochoka zilianikwa juani. Redio yenyewe iligeuzwa taratibu, huku mtu amelaza sikio, mpaka ipatikane pembe ambayo Mreno ananyamaza na Mswahili anasema. Wapo waliosifika kijijini kwa kazi hiyo, wakaitwa usiku kwenda kuifanya katika nyumba za watu.

Na kulikuwa na sababu ya kuitwa usiku. Kuanzia Septemba 1964, FRELIMO ilipoanza vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi walivuka mto wakaingia upande wetu, na huko Nachingwea, jirani na Masasi, wapiganaji walipata kambi ya mafunzo. Chama hicho kilipewa nafasi ya kutangaza katika Radio Tanzania. Kwa mtu aliyemwacha nduguye upande wa pili, tofauti ya kusikia na kutosikia haikuwa jambo la burudani. Kadhalika mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya redio. Na somo lililoliwa na mikwaruzo halikuweza kuchimba choo. Sisi wenyewe twakumbuka Novemba 1978, tukiwa watoto, Mwalimu Nyerere alipolieleza Taifa juu ya uvamizi wa Idi Amin. Barazani petu ilisikika nusu tu ya hotuba. Usiku ule wazee walikaa wakiijaziliza ile nusu ya pili, kila mmoja kwa alichosikia, hata kesho yake kijiji kikawa na hotuba tatu.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, zilipoanza stesheni za watu binafsi, na Televisheni ya Taifa ikaja mwaka 2000, wakati Rais alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Lakini huku kwetu kabla ya televisheni ilitangulia video. Deki, jenereta na benchi zilitosha kufanya ukumbi. Punde wakatokea vijana wenye kamera za begani, wakawa wanapiga picha za harusi, za jando, za mahafali na za ngoma za sikukuu. Kwa mara ya kwanza sauti na sura za watu wa uwanda zilikaa pamoja katika kanda moja, na kanda ikabaki nyumbani kwa wenyewe.

Kisha, tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analogi ilianza kuzimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata. Zikaja zama za king'amuzi. Hatulaumu mabadiliko hayo: mahali pa chaneli moja ya analogi, dijitali huingiza kadhaa, na masafa ni mali ya umma isiyofaa kuchezewa. Lakini televisheni za zamani zilitupwa, na deki zikatupwa pamoja nazo, na kanda zikabaki zimefungiwa kama barua ambazo msomaji wake amekufa.

Sanduku moja la kanda hizo lipo Newala katika nyumba ya mwalimu mstaafu. Tulikwenda kuliona tukiwa katika shughuli za utumishi. Ndani yake ilikuwamo kanda ya sindimba iliyochezwa uwanjani mwaka 1996, na mpiga ngoma wake mkuu ni marehemu. Deki iliyosalia ilikuwa imevunjika matundu yake ya kutolea picha na sauti; limebaki lile la antena tu, ambalo hutoa wimbi la televisheni ya analogi, karibu na megahezi 591. Tuliiunganisha na televisheni mpya. Televisheni mpya ina kiburi: ikikuta ishara dhaifu haionyeshi hata mikwaruzo, huweka ubuluu mtupu. Kanda imechoka, ishara inayumba, ubuluu ukatukodolea macho.

Aliyetuokoa ni mwalimu kijana wa fizikia. Alileta kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kisichozidi kidole gumba. Vipokezi hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali, lakini mnamo mwaka 2012, mwaka uleule, mafundi wa nchi mbalimbali waligundua kwamba baadhi yake vyaweza kuipa kompyuta vipimo vibichi vya wimbi, na kompyuta ikafanya kwa hesabu kazi yote ya koili na kapasita. Hii ndiyo redio ya programu. Kitufe chake ni namba, na chujio lake ni kanuni ya hesabu inayojumlisha vipimo vilivyopita ili masafa fulani yapite na mengine yafe. Kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya mrithi kikawa kinamsikiliza marehemu.

Kwenye kioo cha kompyuta wimbi la picha lilisimama kama mlingoti, na mbele yake, umbali wa megahezi 5.5, mlingoti mfupi wa sauti. Hapo pakatokea tatizo. Kipokezi kile hupima mara milioni 2.4 hivi kwa sekunde bila kupoteza kitu, kwa hiyo upana wake wa kuona ni megahezi 2.4 tu. Hakiwezi kumeza picha na sauti kwa pamoja. Rangi nayo hukaa megahezi 4.43 kutoka kwenye picha. Basi ikabidi kuiacha kabisa. Ilitulazimu kuipitisha kanda mara mbili: mara moja kwa sauti, mara moja kwa picha, halafu kuviunganisha. Na kanda ile ilikuwa ikimwaga unga wake. Kila ikizungushwa, deki ilibidi kusafishwa kwa spiriti. Huenda isistahimili mara ya pili. Tuchukue nini kwanza?

Sisi tulitaka picha, kwa kuwa tulikuwa na haraka ya kuona. Mwalimu mstaafu alinyamaza. Bibi mmoja, dada yake yule mpiga ngoma, ndiye aliyekata shauri.

"Wajukuu zangu, sura yake nitawasimulia mimi," alisema. "Mkono wake juu ya ngoma siwezi kuusimulia."

Ikachukuliwa sauti. Mwalimu kijana alilichuja wimbi la sauti kwa wembamba, akalitatua kwa njia ya FM, na baada ya mikwaruzo ya kitambo ngoma ikalia chumbani, dakika arobaini nzima. Bibi alihesabu mapigo kwa vidole juu ya goti, akatutajia wapigaji wengine kwa majina kabla hatujauliza.

Mara ya pili ikawa zamu ya picha. Mara ya kwanza nyuso zilitokea nyeusi zikawa nyeupe, kwa sababu katika mfumo huu wimbi huwa na nguvu zaidi pale picha inapokuwa na giza. Mwalimu akaligeuza kwa namba moja. Kisha watu wakainama upande, kama waliopigwa na upepo wa kusi. Picha ya analogi ina mistari 15,625 kwa sekunde, kila mmoja ukianza kwa kishindo kifupi cha kuutambulisha, na kanda iliyonyooka hukiwahisha au kukichelewesha kishindo hicho. Ikabidi programu itafute mwanzo wa kila mstari upya. Vipimo vilivyopatikana ni kama 153 kwa mstari mmoja, wala si vingi. Uso wa mtu ulitosha kujulikana na mwenyeji tu. Lakini watu wakasimama wima, mduara ukaonekana, na mpiga ngoma akainua mkono.

Katika dakika ya kumi na moja kanda ilikatika.

Tuliyo nayo sasa, basi, ni sauti kamili na picha ya dakika kumi na moja isiyo na rangi. Tuliviunganisha kwa kulinganisha mkono unaoshuka na pigo linalosikika, kazi iliyotuchukua usiku mmoja. Nakala moja imebaki kwa Bibi na nyingine kwa mwalimu mstaafu. Katika sanduku lake zimesalia kanda kumi na saba, saba kati yake hazina maandishi juu ya jalada, na mwalimu wa fizikia huja Jumamosi, endapo umeme upo.