Magendo au Kumbukumbu? Ukusanyaji wa Rekodi Zisizo Rasmi za Bendi za Roki, 1969–2017

Utangulizi

Katika mijadala ya hakimiliki, neno uharamia limezoeleka kutumiwa kwa kila rekodi ya muziki inayosambazwa bila idhini. Makala haya yanaonesha kuwa neno hilo limebebeshwa matendo mawili tofauti. La kwanza ni kunakili na kuuza kazi ambayo kampuni imekwisha kuitoa. La pili ni kurekodi, kukusanya na kusambaza maonyesho na mazoezi ambayo hayakuwahi kutolewa rasmi. Kwa kurejelea wanamuziki wa roki wa Marekani na Uingereza, inajengwa hoja kwamba tendo la pili, pamoja na dosari zake za kisheria, limehifadhi ushahidi wa kihistoria ambao soko rasmi lilichelewa kuuthamini.

Santuri ya jalada jeupe

Mnamo Julai 1969, albamu ya santuri mbili yenye jalada jeupe, lisilo na jina la msanii, iliingia madukani Los Angeles. Ilikuja kujulikana kama Great White Wonder. Ndani yake zilikuwamo nyimbo za Bob Dylan zilizorekodiwa Minneapolis mwaka 1961, na nyingine alizozirekodi mwaka 1967 pamoja na wanamuziki wa The Band katika nyumba moja jimboni New York. Wakati huo sheria ya shirikisho ya Marekani haikulinda rekodi za sauti. Ulinzi huo ulianza tarehe 15 Februari 1972. Kampuni ya Columbia ilitoa sehemu ya rekodi za 1967 mwaka 1975, na mkusanyiko mpana wenye rekodi zaidi ya 130 ulitoka mwaka 2014. Hivyo, soko la magendo lilitangulia soko rasmi kwa miaka kadhaa, ingawa waliochapisha santuri hiyo walivuna faida bila kumlipa mtunzi.

Wakusanyaji na maadili yao

Si wakusanyaji wote waliokuwa wafanyabiashara. Mwaka 1984 bendi ya Grateful Dead ilianza kuwatengea mashabiki wenye vinasa sauti eneo lao maalumu ukumbini. Sharti lilikuwa moja: kanda zibadilishwe, zisiuzwe. Kwa kuwa kila nakala ya kaseti iliongeza mvumo na kupunguza uangavu wa sauti, wakusanyaji walijizoeza kuandika tarehe, ukumbi, chanzo cha sauti na kizazi cha nakala. Kazi hiyo inashabihiana na ya mhakiki wa miswada ya tenzi, ambaye hulinganisha nakala za mkono ili aikaribie ile ya awali.

Mfano dhahiri ni onyesho la bendi hiyo la tarehe 8 Mei 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell. Kanda zake zilizunguka kwa miaka mingi miongoni mwa mashabiki. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi hiyo katika orodha yake ya kitaifa ya mwaka 2011 ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa. Toleo rasmi lilifuata mwaka 2017. Taifa liliitambua kuwa urithi kabla haijawa bidhaa.

Mipaka ya utetezi

Hata hivyo, ukusanyaji haupaswi kuwa kichaka cha wizi. Januari 2003 polisi wa Uingereza na Uholanzi walipata kanda takriban 500 za mazoezi ya The Beatles ya Januari 1969, zilizokuwa zimeibwa. Kuchukua kanda ya mwenyewe si sawa na kunasa sauti ukumbini, wala kunasa sauti si sawa na kuiuza.

Sheria nayo huathiri kinachosikika. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 lilirefusha ulinzi wa rekodi zilizotolewa kutoka miaka 50 hadi 70, lakini zisizotolewa zilibaki na miaka 50. Desemba 2013, ukomo huo ulipokaribia, zilitolewa rasmi rekodi 59 za The Beatles za mwaka 1963, zikibeba katika jina lao neno lile lile la magendo.

Hitimisho

Istilahi huongoza sera. Inapendekezwa kuwa uharamia libaki kwa unakili wa kibiashara wa kazi zilizotolewa, na rekodi zisizo rasmi litumike kwa maonyesho na mazoezi yasiyotolewa. Tofauti hiyo ikiingia katika sheria, hifadhi za umma zitaweza kupokea makusanyo ya watu binafsi bila kuyageuza kuwa vielelezo vya mashtaka, huku haki ya msanii ya kulipwa rekodi yake inapouzwa ikibaki palepale. Bila tofauti hiyo, mkusanyaji mwenye hofu ataificha kanda, na kanda iliyofichwa huoza pamoja na historia iliyomo.